Mimba Iliyomhamia Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifagia nyua zao na kuombana chumvi kama sisi, sungura jike aitwaye Kidawa alikuwa na nyumba ndani ya kichuguu. Nyumba kavu! Masika yote halikupenya hata tone. Na shida ilianzia hapo hapo, wajukuu zangu, maana kizuri hakikosi mwenye kukitamani.

Aliyekitamani ni Bwana Fisi. Paa lake lilivuja huku na huku, na kuezeka alikuwa mvivu. Asubuhi moja akaja, gudu! gudu! gudu! Hata hodi hakupiga.

“We Kidawa! Toka! Masika yanakaribia, nahamia mimi.”

“Niende wapi, Bwana Fisi? Mume wangu yuko mbali, analinda kunde.”

“Nenda tumboni mwangu. Huko hakuvuji.”

Kidawa akarudi nyuma. Lakini alikuwa na jambo lake la furaha. Siku zile tumbo lilikuwa limemjaa, chuchu zimemvimba, naye alikuwa akibeba nyasi mdomoni na kunyofoa manyoya ya kifua chake mwenyewe, nyofo! nyofo! akitandika kiota. Kila sungura jike anajua maana yake.

“Sihami!” akasema. “Nina mimba!”

Fisi akasimama kama aliyegonga ukuta. Msitu ule ulikuwa na mila ambayo hata Simba aliiheshimu: mjamzito hahami nyumba, wala hahamishwi, wala haguswi, mpaka watoto wake wafungue macho.

Fisi akachungulia ndani. Akakiona kiota, laini, kimejaa manyoya. Akameza mate.

“Haya. Nitarudi. Nikiwakuta watoto, kaa kwako. Nisipowakuta, umenidanganya, na mila haikulindi tena. Nitakuja na chumvi yangu!”

Kidawa hakuogopa, kwa sababu hakudanganya. Alishinda akiliimbia tumbo lake, na majina ya watoto akayachagua kabisa.

Siku zikapita. Watoto kimya. Tumbo, badala ya kukua, likaanza kulegea. Kidawa akaingiwa na wasiwasi, akamwita Bibi Nungu, yule nungunungu mkunga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Lala, na uiangalie miiba yangu.” Bibi Nungu akapapasa huku, akapapasa kule. Kisha akasema taratibu, “Mwanangu, humu hamna mtoto.”

“Hamna? Na manyoya yote haya? Na maziwa?”

“Mwili wako umejidanganya wenyewe. Nani alikuwa akikurukia mgongoni?”

“Wifi zangu tu. Tulikuwa tunacheza.”

“Basi ndiyo hayo. Mwili wa sungura jike ukirukiwa hivyo hudhani mume amekuja. Hutayarisha kila kitu, isipokuwa mtoto. Si ugonjwa, wala si kosa lako. Usihangaike na dawa. Wifi zako wakae kwao, wewe tulia peke yako, maziwa yakauke yenyewe. Mumeo akirudi utashika mimba ya kweli.”

Kidawa akalia, kwi! kwi! kwi! Alikuwa amewapenda watoto wale, nao hawakuwapo kamwe. Bibi Nungu akamwacha alie.

Mara, gudu! gudu! gudu!

“Bibi! Fisi huyo! Atanila!”

Bibi Nungu akaruka nyuma ya mtungi. Kidawa akafuta machozi chap! Akamtazama Fisi akiingia na chumvi yake mkononi. Lo! Tumbo la Fisi lilikuwa limevimba kama ngoma, maana jana yake alikuwa amekula ngozi ya nyati mzoga, na kwato juu yake. Na manyoya yalikuwa yakimpukutika kwa joto. Hapo akili ya Kidawa ikaruka kabla ya miguu yake.

“Pole, Bwana Fisi! Pole sana! Kaa chini, usisimame!”

“Pole ya nini? Watoto wako wapi?”

“Wamehama.”

“Wamehamia wapi?”

“Siku ile ulipochungulia kiota changu, ulikitamani, hukukitamani?”

“Nilikitamani.”

“Ole wako! Hujui kwamba mimba humhamia anayetamani kiota cha mwenzake? Tumbo limekujaa?”

Fisi akaliangalia. “Limejaa... lakini hii ni ngozi ya nyati.”

“Kichefuchefu je?”

“Tangu jana.”

“Miguu mizito?”

“Mizito!”

“Na kucheka, unacheka bila sababu?”

“Siku zote!”

“Ndizo dalili zenyewe! Hebu vuta manyoya ya kifuani.”

Fisi akavuta. Nyofo! Yakatoka gao zima.

“Mama weee!” akapiga yowe, chumvi ikamwagika puu. “Lakini mimi dume!”

“Ndiyo maana nakupa pole.”

Fisi akamkazia macho. “Na nikikula hivi sasa?”

Kidawa akamtazama usoni. “Nile tu. Lakini nani atakufundisha kunyonyesha?”

Fisi akafikiri. Fisi kufikiri, jamani! Jasho lilimtoka. Kidawa akaita, “Bibi mkunga! Njoo upesi!”

Bibi Nungu alikuwa amesikia yote. Akatokeza, uso umekunjamana. “Nani anajifungua? Ni wewe, mwanangu? Hebu nikupime.” Akamwegemea Fisi kwa ubavu. Chomo! Chomo! Chomo! Miiba ikazama tumboni.

“Yalaa! Uchungu umeanza!”

“Bado, bado, huo ni wa mapema. Rudi kwako ukalale. Mila unaijua: mjamzito hahami nyumba.”

“Na paa langu linavuja!”

“Vumilia, mama. Na nyama usiionje. Majani ya kunde tu, wasije wakazaliwa wana hasira.”

Fisi akatoka polepole, ametanua miguu, ameshika kiuno. Kidawa akajiziba mdomo kwa masikio yake yote mawili asije akaangua kicheko.

Masika yakanyesha, pwaa! Fisi akajilaza chini ya paa lake bovu, maji yanamdondokea puani, tumbo linanguruma kwa njaa. Kila mpita njia akimuuliza, “Tayari?” yeye hujibu, “Bado, ila wananipiga mateke!”

Kidawa naye alifanya alivyoambiwa. Akatulia, maziwa yakakauka. Mumewe akarudi na kunde zake. Na siku moja Kidawa akaanza tena kunyofoa manyoya, na safari hii Bibi Nungu alipopapasa akacheka. “Humu kumejaa!” Wakazaliwa watoto wekundu, vipofu, wanajinyonganyonga kiotani, na Kidawa akalia tena, kilio kingine kabisa.

Wanyama walipokuwa wamejaa uani kumpa hongera, akaja Fisi. Mbavu zimemtoka, tumbo limegusana na mgongo.

“Kidawa! Tumbo limekwisha na watoto sikuwaona!” Akachungulia kiota, macho yakamtoka. “Kumbe hawa hapa! Wamerudi! Nipe wangu!”

“Hawa ni wangu,” akasema Kidawa. “Wako walikuwa ngozi ya nyati, na kwato.”

Ua mzima ukaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Tembo alicheka hadi akakaa chini. Fisi akainua mkono ampige Kidawa, lakini watoto hawajafungua macho, na msitu mzima unamtazama. Mkono ukabaki juu. Akaushusha, akakimbia, na mpaka masika yanakwisha alikuwa keshahamia msitu mwingine, ambako hakuna aliyewahi kumuuliza, “Tayari?”

Basi wajukuu zangu, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua, na si kila tumbo lililojaa lina mtoto.