Damu Iliyokuwa Kipimo

Wapendwa, kaeni. Wewe pale nyuma, zima simu, mkeo anajua uko kanisani. Au hajui? Haya. Shule mimi niliiacha nikiwa darasa la sita, lakini mfano nitakaowapa leo hamuupati hata kwa wale wachungaji wenye vyeti ukutani. Sikilizeni.

Palikuwa na daktari mmoja, mtafiti. Umri wake wote aliumalizia kuchunguza saratani ya damu, na ile ya tezi zinazovimba shingoni na kwapani. Wenzake walifungua zahanati wakanenepa. Yeye aliinama kwenye hadubini, kile chombo kinachokuza tone la damu mpaka unaliona kama uwanja uliojaa watu. Alisifika mpaka ng'ambo. Mtu mwenye kichwa, siyo kama ninyi mnaosinzia kabla sijafika katikati.

Sasa, kazi ile ina utaratibu wake. Huwezi kusema damu hii ina ugonjwa kama huna damu yenye afya ya kuilinganisha nayo. Unaweka kioo chenye tone la mgonjwa, unaweka na kingine cha mtu asiyeumwa, unatazama huku, unatazama kule. Daktari tangu ujana wake hakutaka shida ya kutafuta mtu. Alijitoboa kidole. "Mwenye afya si mimi hapa?" Ikawa desturi, miaka ikaenda. Nani angemuuliza bingwa?

Wodini alilazwa binti mwenye saratani ya damu, na mama yake akilala chini, kando ya kitanda. Daktari alikuwa anamjaribishia dawa yake mpya, juu ya zile kali za kawaida. Asubuhi moja akaja anacheka.

"Mama, furahi! Damu ya mwanao inazidi kufanana na ya mtu mwenye afya. Zile dawa kali za zamani tunaziacha."

Mama akamtazama binti. "Daktari, mbona anazidi kuisha? Jana hata uji kaukataa."

"Wewe unaangalia sura, mama. Mimi naangalia damu."

"Lakini baba, mimi ndiye ninayemgeuza. Amekuwa mwepesi kama kanga."

"Kwani aliyesomea ni nani, mimi au wewe?"

Mama akamgeuza binti upande wa pili. Wewe ungesema nini? Dawa kali zikaachwa.

Habari ikaenea, akaja daktari wa hospitali nyingine kujionea maajabu. Akainama kwenye hadubini. Kioo cha kwanza, cha pili, akarudi tena kwenye cha kwanza.

"Huyu naye yuko kwenye dawa?" akauliza.

"Yupi?"

"Huyu wa kioo hiki cha kushoto. Chembe nyeupe zimejaa hivi, saratani imeshakomaa. Ndugu zake wanajua?"

Daktari wetu akainama naye kutazama. Kioo cha kushoto kilikuwa cha damu yake mwenyewe.

Mmeelewa? Binti hakuwa anapona. Daktari ndiye aliyekuwa anaugua, polepole, ugonjwa usiopiga hodi, mpaka damu yake ikafanana na ya binti. Yeye akaita hiyo uponyaji! Akatoka mbio kwenda wodini kurudisha zile dawa. Akakuta muuguzi anatandika shuka safi, na mama anakunja mkeka wake.

Mbona kimya? Si mlikuwa mnacheka?

Msimseme daktari. Sisi je? Mtoto wako ameanza kudanganya wageni kwa ustadi kama wako, unasema siku hizi amekua. Mkwe wako amejifunza kununa wiki nzima kama wewe, unasema sasa amezoea nyumba. Na hapa kanisani, je? Anaingia kijana ana moyo laini, analia akiomba, anamsalimia hata mlevi wa pale barabarani. Tunamtazama kwa mashaka. Tunamlea. Baada ya muda anakuwa mkali, ana kinyongo, anachagua wa kumpa mkono. Nasi tunashangilia: amekomaa! Amekuwa mwenzetu! Tunampa maiki.

Nani alituambia sisi ndio wenye afya? Lini mara ya mwisho ulimwacha mtu mwingine akutazame, akuambie alichokiona? Wapo watu mikononi mwetu wanakufa, na sisi tunawapongeza kwa sababu wanafanana na sisi.

Simameni tuombe. Na leo hakuna kumwombea jirani.