Bilauri ya Athumani Shemweta

"Kushika bilauri si kunywa."

Maneno hayo yalisemwa makaburini, alasiri ya Alhamisi moja ya mwezi wa saba, siku aliyozikwa Athumani Shemweta. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mzee mmoja, akipangusa udongo viganjani, aliitamka methali hiyo kama mtu anayemuaga rafiki. Wajukuu wa marehemu waliisikia. Waliporudi nyumbani hawakungoja hata chai. Waliingia chumbani alimoketi bibi yao, Bi Nahiya, aliyeanza kukaa eda siku hiyo hiyo.

"Bibi, bilauri gani hiyo? Kwani babu alikuwa mlevi?"

Bi Nahiya alicheka, mara ya kwanza tangu alfajiri. "Babu yenu? Hata togwa aliinusa kwanza. Kaeni."

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, Waingereza walipokuwa bado wanatawala, Athumani alikuwa dresa katika hospitali ya mji wao, huko milimani Usambara. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda na kuvifunga. Alikuwa na mkono mwepesi. Mtoto aliyeingia analia alitoka akiomba kipande cha bandeji cha kuchezea. Lakini Athumani hakutaka kuosha tu, alitaka kutibu. Kila mwaka daktari mkuu alimchagua mtu mmoja wa kwenda Dar es Salaam kusomea utabibu, na Athumani alikuwa amengoja miaka minne. Nahiya, bibi harusi wa miezi minane, aliijua habari hiyo vizuri, maana mumewe aliisimulia hata tonge likiwa mdomoni.

Ndipo ilipokuja kadi kutoka kwa Memsahibu, mke wa daktari huyo. Bwana Athumani alikaribishwa kwa sheri, Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja kasorobo.

"Sheri ni nini?" Nahiya aliuliza.

"Mvinyo," alijibu mumewe, akaigeuza kadi kifudifudi.

Baba yake, Mwalimu Shemweta, ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mji ule. Athumani hakuwahi kugusa chombo chenye kileo. Akaandika barua ya adabu: anashukuru, ila hanywi, kwa hiyo hatakuja. Asubuhi alimwita Kilua, mpishi wa daktari, aliyekuwa akipita kwenda kazini, akampa aipeleke.

"Unakuja Jumamosi?" Kilua aliuliza, barua mkononi.

"Siji. Sinywi."

Kilua alikaa chini palepale kizingitini. Alikuwa amepika katika nyumba za Waingereza miaka ishirini.

"Dresa wewe, unajua vidonda, hujui watu. Nani kakuambia umeitwa kunywa? Padri akija kutembea, wale husema sheri. Binti akiposwa, sheri. Mtu akifiwa, sheri. Na chupa moja inakaa kabatini miezi mitatu! Bilauri yenyewe kama kikombe cha kahawa. Mwingereza akisema viski, kazi imekwisha. Akisema sheri, kazi ndiyo inaanza. Anataka kukutazama, basi."

"Si aombe maji?" Nahiya alidakia kutoka ndani.

"Shemeji, mwenye mikono mitupu pale huulizwa kila dakika, 'Nikupe nini?' Robo tatu ya saa yote itaishia kwenye maji. Mwenye bilauri huulizwa habari zake. Mwaka juzi karani mmoja alijibu hivi hivi, kwamba hanywi. Memsahibu akasema, 'Maskini, hataki kutujua.' Hakuitwa tena."

 Athumani alinyoosha mkono, akaichukua barua yake.

Jumamosi alikwenda. Nahiya alibaki akichochea moto usiohitaji kuchochewa. Mumewe aliporudi alikuwa akijikanda kidole gumba.

"Mkono umekufa ganzi," alisema. "Daktari ameniuliza kwa nini vidonda vya miguu vinawarudia wachuma chai. Nikamweleza mpaka muda ukaisha."

"Na ile?"

"Niliishika tu."

Lakini mtunza bustani wa jirani alikuwa amechungulia dirishani. Jumapili mji mzima ulijua kwamba mtoto wa Mwalimu ameonekana na mvinyo mkononi. Jumatatu barua ilitoka hospitali: Athumani amechaguliwa, lori litamchukua Ijumaa. Jumanne alimsalimu baba yake msikitini, na baba akageuza uso.

"Siendi bila dua ya baba," Athumani alimwambia mkewe, akaanza kutoa nguo alizokuwa amekwisha kuzipanga sandukuni.

Nahiya hakubishana naye. Alijitanda kanga, akapanda kilima hadi mlango wa jikoni kwa daktari. Siku ya Alhamisi Kilua aliomba ruhusa, akaenda barazani kwa Mwalimu, kofia mkononi. Athumani na Nahiya walikaa chini, pembeni.

"Bilauri uliijaza wewe?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi, Mwalimu."

"Akaiondoa nani?"

"Mimi mwenyewe. Ilikuwa imejaa vilevile, mpaka nikaogopa kuimwagia zulia."

"Na wewe ukaifanya nini?"

"Mwalimu," Kilua alisema, akiitazama kofia yake, "kesi ni ya mwanao."

Nahiya alificha uso ndani ya kanga. Mwalimu hakucheka, ila ndevu zilicheza. Alimtazama mwanawe kwa kitambo.

"Kushika bilauri si kunywa," alisema. "Lakini mkono usizoee."

Kisha akainua viganja, akaomba dua.

"Kesho yake akapanda lori," Bi Nahiya aliwaambia wajukuu. "Nikamngoja miaka mitatu. Kilua ndiye aliyeyatoa maneno ya baba mkwe nje. Hakuna jiko asikoyafikisha. Watu wakaanza kuambiana hivyo kila mmoja wao alipokaribishwa kwenye nyumba yenye desturi ngeni. Usiukatae mlango kwa sababu ya kilicho kwenye sinia. Ingia, sema lako, urudi ulivyokwenda. Kushika bilauri si kunywa."

 Mjukuu mmoja alitoka kumletea chai.

Athumani Shemweta alitibu watu miaka arobaini na mmoja, na hata alipostaafu waliendelea kumjia nyumbani saa yoyote, hata usiku. Siku hizi mwenye kidonda mtaani pale hupanda hadi zahanati, na zahanati hufunguliwa saa mbili.