Kamba ya Mbwa na Marahaba ya Mzee Punda

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na mbuga yao wenyewe yenye lango na mlinzi, palikuwa na Mbwa na rafiki yake, Mzee Punda. Macho ya Mzee Punda yalikuwa yameingia ukungu. Dawa yake ilikuwa moja tu: maji ya chemchemi iliyo katikati ya mbuga. Mbwa akasema, "Babu, leo utanawa."

Wakaenda, wakaenda, wakafika langoni. Mlinzi, Ngiri, akamkagua Mbwa meno.

"Wewe mla nyama, huingii bila kamba. Na kamba aishike mla majani. Ikianguka, mnatoka nyote wawili, na hamrudi tena!"

Mbwa aliona aibu. Yeye na kamba! Lakini akainamisha shingo. "Nifunge."

Punda hana mikono, kamba akaiuma kwa meno. Haya twende, ko! ko! ko!

Mara Kanga akapita. "Shikamoo, Mzee Punda!"

Sasa jamani, mzee aamkiwe anyamaze? Punda akafungua kinywa. "Marahabaa!" Kamba chini, pu! Kanga akaruka, prrr! Miguu ikamwasha Mbwa. Loo, ilimwasha! Akajiambia, "Nimemleta mzee kunawa, sikuja kuwinda." Akaiokota kamba, akamrudishia Punda kinywani.

"Babu, usiitikie, tafadhali."

"Nisiitikie salamu? Sikulelewa hivyo mimi!"

Ko! ko! ko! Wakakutana na Pimbi. "Shikamoo, babu!" "Marahabaa!" Pu! Mbwa akaokota.

Chemchemi hiyo, inaonekana. Paa akatoka kichakani. "Shikamoo, Mzee Punda!"

"Marahabaa, mjukuu wangu! Mama hajambo?"

Pu! Paa akaiona kamba iko chini. Akatimka, chwaa! mbele ya pua ya Mbwa kabisa. Mate yakamjaa Mbwa. Akakaa kitako. Akatetemeka, lakini akakaa.

Ngiri huyo, mbio, vumbi tifu! "Kamba imeanguka! Tokeni!"

"Nitoe mimi," akasema Mbwa. "Mzee anawe kwanza. Siondoki hapa kabla hajanawa."

Paa akarudi, akihema. "Ngiri, nimepita puani mwake. Angetaka kunila, angenila. Hakusogea hata unyayo."

Ngiri akajikuna kichwa. "Sheria hii iliwekwa kumlinda Paa. Paa akisema yuko salama, mimi nani? Nendeni."

Punda akanawa mara moja, mara mbili, mara saba. Ukungu ukatoka. Akamtazama Mbwa, akamtazama tena.

"Kumbe umeota mvi! Na mimi siku zote nakuita mtoto."

Wakalia wote wawili kwa furaha, pale pale majini.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: kamba ya shingoni huanguka. Anayejizuia mwenyewe ndiye wa kuaminiwa.

Hadithi yangu imefika chemchemini, imekunywa, imeishia hapo.