Mpiga Ramli wa Zabarijadi na Mposaji Aliyesimama Nje

Katika mji wa Zabarijadi, uliojengwa kwa mawe ya kijani na kuzungukwa na bustani za makomamanga, alitawala Sultani Mutiullahi bin Daraweshi, mtu mwadilifu na mkarimu, na ila yake ilikuwa moja tu: hakukata hata kucha bila kauli ya mpiga ramli. Na mpiga ramli wake, Mwalimu Sharafudini, alichora mchangani, na alitazama nyota, na alisoma viganja, na alifasiri ndoto, na juu ya hayo alikuwa na bakuli la shaba lenye kifuniko, ambamo, ilisemwa, amefungwa jini. Watu walitoka kwake wameduwaa, kwani aliwatajia mambo ya vyumbani mwao.

Basi alikuwako fundi wa matandiko ya farasi, jina lake Farjalla, mtu wa kauli moja na hasira za karibu, aliyejifunza kazi kwa kufumua matandiko mabovu na kuyashona upya. Alimposa Lulua, mfuma mazulia, naye akakubali. Lakini desturi ya mji ule, ndoa haifungwi mpaka nyota zipatanishwe, kwa jina la mtu na jina la mamake. Lulua akaenda kwa Mwalimu, akashikwa kiganja nyuma ya pazia, na alipotoka akasema, "Nyota zetu hazipatani. Tungoje kwanza."

Wivu ukamla Farjalla kama mchwa alavyo boriti, nje nzima, ndani unga. Kila akichoma sindano katika ngozi aliviona vidole vya Mwalimu juu ya kile kiganja. Siku arobaini alipita mlangoni pa mtu yule bila haja, akijiuliza: walisemezana nini mle? Lulua alicheka?

Siku ya baraza akaingia mbele ya Sultani, na Lulua yupo upande wa wanawake.

"Ewe maulana," akasema, "mimi nimekataliwa na nyota, nimenyamaza. Ila yuko mposaji mwingine, jina lake Zumari, na la mamake Tabasamu. Namwomba Mwalimu amtazamie."

"Yuko wapi huyo?" akauliza Sultani.

"Nje, maulana. Hana mazoea ya majumba ya watu."

Mwalimu akachora mchangani, akapiga hesabu ya nyota, akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu ni mpole, mvumilivu, mbebaji wa mizigo ya wenziwe. Nyota yake na ya Lulua ni ulimi na mate. Watazaa saba."

"Aingizwe," akasema Farjalla. Na askari wakamwingiza punda wake.

Baraza zima likaangua kicheko, na Sultani akafuta machozi kwa kilemba. Mwalimu, kwa fedheha, akalibamiza bakuli sakafuni ili jini atoke amtetee. Kifuniko kikapasuka, ukatoka moshi wa samawati, ukasimama kama mtu hadi darini.

"Nimtetee kwa lipi?" akasema jini. "Miaka mia tatu natumwa na wenye bakuli hili nikakae vizingitini pa watu nikisikiliza ya jana, na huyu huyauza kuwa ya kesho. Kesho mimi siijui. Ningeijua, ningeingia bakulini?" Kisha akamwinamia Farjalla. "Mzaha wako ndio ulionifungua, fundi. Niulize neno moja lililopita, nami nitakujibu kweli tupu."

Farjalla akahisi ulimi unamwasha. Swali la siku arobaini lilikuwa tayari mdomoni. Akamtazama Lulua, na Lulua hakuwa akicheka.

"Umeniposea punda mbele ya watu," Lulua akasema taratibu. "Haya, uliza na hilo. Lakini ukijibiwa na huyu, kwangu mimi hutasikia neno tena."

Farjalla akafumba macho. Wallahi, kuinua farasi kwa mkono mmoja kungekuwa kwepesi zaidi. Mwisho akamwambia jini, "Nenda zako, bwana. Nikitaka kujua nitamwuliza mwenyewe."

Tangu aumbwe, jini yule hajapata kusamehewa swali. Kwa shukrani akamwaga zumaridi juu ya matandiko ya punda hadi zikafurika, akatoweka.

"Nakuuliza wewe, basi," akasema Farjalla. "Ulimwuliza nini yule?"

"Nilimwuliza kama wivu wako utakwisha ukishanioa."

"Akasemaje?"

"Alisema nyota hazipatani. Na hapo, Farjalla, hakukosea sana. Sasa nimeona unaweza kufunga mdomo, nitaolewa nawe."

Sultani akamvua Mwalimu joho, akampa kazi ya kumchunga Zumari, na harusi ikaliwa siku saba. Tangu hapo, Farjalla akipatwa na shaka humwuliza mkewe, na mkewe humjibu, na jibu jingine humchoma kweli. Lakini hulipokea, maana limetoka kwa mwenyewe. Na wewe msikilizaji, mtu wako yupo na ana kinywa: usimpitie mlango wa jirani.