Mitungi Kumi Chini ya Sakafu

Wakazi wa Waithaka, mtaa wa pembezoni mwa jiji, walikuwa wamezoea kuona vitanda, makabati na majeneza mbele ya karakana za maseremala, lakini mbele ya karakana ya Obuya walisimama wakapigwa na bumbuwazi. Palikuwa na mashua. Haukuwa mtumbwi, bali mashua nzima ya tanga, yenye urefu wa hatua nane, imeegeshwa juu ya magogo kati ya duka la simu na kinyozi, mlingoti wake ukichungulia juu ya mapaa ya mabati. Bahari ilikuwa mbali, maziwa yalikuwa mbali, na mto wa karibu haungeweza hata kumzamisha bata. Akina mama waliotoka sokoni waliweka vikapu chini, wakaipapasa ubavuni, wakaulizana itaelea wapi.

Obuya alifurahi kusikia maswali hayo. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa ukingo wa Ziwa Viktoria, na ufundi wa mashua ulikuwa umemshukia kutoka kwa babu na baba kama jina la ukoo. Mikono yake ilizijua mbao kama ulimi unavyoyajua meno. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliamini kwamba elimu ya maji ilizaliwa kwao, ikakulia kwao, na haikuwahi kutoka nje ya boma.

Mwenye mashua aliitwa Fathiya, muuguzi mzaliwa wa Mombasa aliyefanya kazi katika shirika dogo la afya lenye ofisi katikati ya jiji. Alitaka kuwafikishia chanjo watu wa vijiji vya ukingoni mwa Ziwa Turkana, mahali ambapo gari hushindwa na mawe. Jumatatu moja alifika karakanani, akaizunguka mashua, kisha akasema, "Fundi, kuna jambo nililisahau. Maji ya ziwa lile yana magadi. Tutakuwa watu watano, siku tano majini, na jua la kule si la mchezo. Nahitaji mashua ibebe lita mia mbili za maji matamu."

"Hilo tu, sista?" Obuya alicheka. "Nilidhani unataka nikuongezee ghorofa."

"Lori linaipakia Jumamosi asubuhi. Kina mama wameshaambiwa siku ya kuleta watoto. Nisipofika, hawatakuja tena nikiwaita."

"Lala usingizi wa pono," Obuya akamjibu.

Siku hiyohiyo aliteremka hadi River Road, barabara ya maduka katikati ya jiji, akapenya kati ya wapiga debe na wachuuzi, akanunua pipa moja la plastiki la lita mia mbili. Kufikia Jumatano alikuwa amelifunga nyuma ya mashua, kwenye tezi, kando ya kiti cha mshika usukani, kwa sababu hapo palikuwa na nafasi. Alilipaka rangi ya samawati. Lilipendeza macho.

Wa kulijaza alikuwa Kavata, mwanamke aliyeuza maji kwa mkokoteni katika mitaa yote ya Waithaka. Kila mtu alimwita Mama Maji. Alimimina mtungi wa kwanza, akamimina wa pili, kisha akasita. "Fundi, samahani. Uzito wote huu umeuweka nyuma?"

"Ndiyo."

"Na mkishakunywa nusu, haya yaliyobaki yatatulia?"

Obuya hakuinua macho kutoka kwenye msasa wake. "Mama Maji, mkokoteni una magurudumu. Mashua haina. Wewe mimina tu."

Kavata akamimina.

Alhamisi waliikokota mashua kwa trela hadi kwenye chimbo la mawe lililoachwa zamani, ambalo mvua za miaka mingi zililigeuza bwawa pana lenye upepo. Mashua ilipoingia majini, Obuya aliona jambo ambalo hakulipenda. Nyuma ilididimia, na omo, yaani pua ya mashua, ikainuka kama ng'ombe anayenusa mvua. Alijipa moyo. Alimimina nje nusu ya maji ya pipa ili kuipunguzia uzito, akatweka tanga, akamketisha Fathiya ubavuni, wote wawili wakiwa wamevaa maboya ya kujiokolea.

Walikwenda vizuri mpaka walipogeuka. Tanga lilihamia upande wa pili, mashua ikainama kidogo, na yale maji nusu ndani ya pipa yakakimbilia upande ulioinama. Obuya aliyasikia yakigonga ukuta wa pipa, gub! Mashua ikalala. Kabla hajalegeza kamba, Fathiya alikuwa ametupwa majini.

Alimvuta akampandisha mashuani. Fathiya alikohoa, akakamua ncha za mtandio wake. Aliposema, sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulimchoma Obuya kuliko matusi.

"Hapa ukingo uko hatua ishirini, fundi. Kule sitauona. Nitabeba dawa za watu na wenzangu wanne. Kesho jioni nitakuja tena. Ikiwa bado iko hivi, nitawapigia simu kina mama niwaambie wasije."

Usiku huo Obuya hakuonja chakula. Kulipokucha Ijumaa alikaa kizingitini mwa karakana na penseli sikioni, akichora na kufuta. Pipa akilihamishia mbele, pua ingezama. Akiliweka katikati juu ya sakafu, mashua ingeyumba kama mlevi. Alifikiri juu ya baba yake na babu yake, lakini hao walivua katika ziwa tamu. Walipopata kiu waliinama wakateka maji ya kunywa. Hawakuwahi kubeba maji juu ya maji. Kwa mara ya kwanza maishani, urithi wake ulimfikisha ukingoni ukamwacha hapo.

Ndipo alipomwona Kavata akishuka mteremko. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na barabara ya udongo mwekundu iliteleza kama kambare. Mkokoteni ulikuwa na mitungi ishirini ya lita ishirini, uzito wa magunia manne ya mahindi na ziada, na mbele yake alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kanga kiunoni. Ghafla pikipiki ilichomoka kichochoroni ikamkata njia. Obuya alisimama, akijua kitakachofuata. Hakikufuata. Kavata aliegemea nyuma kidogo, akageuza mikono yake kwa upole, na ule mzigo mkubwa ukapinda, ukaipisha pikipiki, ukarudi njiani. Hakuna mtungi uliocheza.

Obuya alikuwa amemwona mwanamke huyu kila siku kwa miaka sita, na hakuwa amemwona hata siku moja.

Alimfuata kwa miguu. Katika kila nyumba alitazama. Kavata alipouza mtungi wa kulia, mteja wa pili alimpa wa kushoto. Mitungi ilipopungua, aliisogeza iliyobaki katikati, juu ya ekseli ya magurudumu, na kila mmoja ulikuwa umejaa hadi shingoni. Kwenye nyumba ya nne Obuya alivua kofia.

"Mama, juzi nilikujibu vibaya. Nisamehe. Jana nusura nimzamishe mtu. Nifundishe."

Kavata alimtazama kwa makini, kama mtu anayepima ikiwa daraja litambeba. "Mimi mashua siijui, fundi. Najua maji tu. Maji yaliyojaa chomboni ni mzigo. Maji ya nusu ni mnyama; ukipinda, yanakimbia kabla yako. Kwa hivyo sibebi nusu. Nagawa madogomadogo, naweka chini, naweka katikati, na nikitoa huku natoa na huku."

Walirudi karakanani pamoja. Kavata aliinama ndani ya mashua, akachungulia chini ya mbao za sakafu. "Na haya mawe?"

"Hiyo ni farumi. Ni uzito wa kuishika mashua isipinduke. Kilo mia mbili."

"Kwani maji hayana uzito?"

Obuya aliokota jiwe moja, akalipima mkononi. Kwa vizazi vitatu ukoo wao ulikuwa umebeba mawe chini ya mashua, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mawe yanaweza kunyweka.

Alitoa mawe yote. Alikata mbao, akatengeneza vyumba kumi pembeni mwa mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, vitano kulia na vitano kushoto, na katika kila kimoja akalaza mtungi wa lita ishirini uliojaa, akaukaza kwa mkanda usisogee. Hapo akili yake mwenyewe ikaamka. Kadiri watu wangekunywa, farumi ingepungua; lakini ziwa lingekuwa papo hapo. Mtungi ukiisha, ungejazwa maji ya ziwa na kurudishwa mahali pake. Mashua ingeendelea kuketi vilevile tangu siku ya kwanza hadi ya tano.

Fathiya alipofika jioni alisikiliza mpango wote mara mbili. Kisha akauliza, "Na gizani, mtu mwenye kiu atajuaje ni upi wa kunywa na upi wa magadi?" Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Fathiya alitoa mkobani bendeji nyekundu. "Kila mtungi wa ziwa unafungwa hii shingoni kabla haujarudi chini. Atakayesahau nitamshughulikia mimi."

Wakaharakisha kwenda chimboni jua likiwa bado juu ya miti. Mashua iliteleza majini na kutulia, pua na tezi sawasawa, kama sinia iliyowekwa mezani na mkono wa adabu. Obuya alimsihi Kavata apande. Mama huyo hakuwahi kupanda chombo cha majini tangu azaliwe. Aliketi katikati, mikono imeshika ukingo, na chini ya miguu yake ilikuwa ile mitungi aliyoibeba maisha yake yote. Sasa ilikuwa inambeba yeye.

Upepo ulijaza tanga. Obuya aligeuza usukani mahali palepale pa jana. Mashua iliinama, ikafikiri, ikanyooka. Akageuza tena kwa nguvu zaidi, ikanyooka tena. Hakuna sauti iliyotoka chini ya sakafu. Fathiya alifunga macho akanong'ona, "Alhamdulillahi." Machozi yalimtiririka Kavata, naye aliyaacha, akitazama maji yakifunguka mbele ya mashua.

Jumamosi lori liliondoka na mzigo wake, na baada ya siku tisa Fathiya alipiga simu kutoka kaskazini. Watoto mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamechanjwa, na hakuna aliyekunywa magadi. Majirani walimjia Obuya kumpongeza, wakamwambia kweli damu ya mababu haipotei. Obuya akatikisa kichwa, akawaonyesha mwanamke aliyekuwa akipandisha mkokoteni wake mlimani bila kumwaga tone.

"Mababu walinipa mashua," akasema. "Maji nimefundishwa na yule, na muuguzi akatufundisha sote wawili. Akili ni nywele. Kila mtu ana zake."