Kimya Kilichobebwa Kapuni

Hapo zamani, enzi za wafalme kushindana kwa kujenga vyuo, palikuwa na Sultani Zubeiri, mpenda ngoma na mazumari asiyejua kunyamaza hata akila. Chuoni mwake mlikuwa na chumba kimoja cha ibada kwa watu wote: wakitoka Waislamu na misala yao, huingia Wakristo, kisha Mabaniani, kisha wale wa taamuli, wanaofumba macho na kupumua tu. Ada yao ilikuwa kwamba anayengoja zamu husimama mlangoni, viatu mkononi, wala hasalimii mtu.

Basi siku moja Sultani akatamka kwamba chumba kile atakifanya ghala ya ngoma zake. Chuo kizima kikasikitika, na aliyesikitika zaidi ni Mbwarahaji, mwanafunzi fukara, mcheshi, aliyelala bwenini katikati ya wakoromaji. Tangu afiwe na mamake, ni chumba kile tu alimoweza kumkumbuka pasina mtu kumwuliza ana nini. Akajikaza, akaenda barazani.

"Mola wangu, mle ndani mna kitu adhimu."

"Kitu gani? Nimechungulia mwenyewe, nimeona sakafu tupu!"

"Mna kimya, mola wangu."

"Ala! Basi kesho niletee hicho kimya hapa, kizima. Ukikileta, chumba ni chenu. Usipokileta, utakuwa mbeba ngoma wangu maisha, na chuo usikione tena!"

Masikini Mbwarahaji! Akarudi bwenini akiwaza, lakini asubuhi akaamka anachekelea. Akaazima kapu kwa wapishi, akalifunika kitambaa cheupe, akawakusanya wenzake wa dini zote, wakaandamana viatu mkononi, pasi na neno. Langoni akawanong'oneza walinzi: "Waambieni walio ndani, kimya kinaingia. Atakayenena atakiua, na mola wetu amekiagiza mwenyewe."

Ikawa baraza zima limefumba vinywa. Kapu likawekwa mbele ya kiti. Sultani akalikodolea macho. Akasikia maji yakitiririka uani, akasikia njiwa darini, akasikia moyo wake mwenyewe, na uso ukamlainika. Lo! Mara pua ikamwasha, akapiga chafya.

Sasa, desturi ya baraza lile, Sultani akipiga chafya, wote huitikia kwa sauti kuu. Wee! Watu wakauma ncha za vilemba, wakabana mbavu. Waziri mashavu yakamvimba, jasho likamtiririka, uzalendo ukamshinda: "Afya, mola wetu, afyaaa!"

"Nyamaza, mpumbavu! Utakiua!" akanguruma Sultani.

Mbwarahaji akafunua kapu. "Mola wangu, kilifika kizima. Waziri amekijeruhi, na wewe umekimaliza."

Sultani akatazama kapu tupu, akamtazama waziri, kisha akaangua kicheko mpaka kilemba kikamdondoka, na baraza zima likaangua naye. "Mjanja wee, umenipata! Chumba ni chenu. Ila kesho niletee kingine, kile kilikuwa kitamu."

"Mola wangu, njiani kinaumia mno. Heri ukifuate kwao."

Basi kesho yake Sultani akakifuata chumbani, waziri akiwa mbele, akipiga mbiu kumtangaza. Na walipofika mlangoni, aliyemziba waziri mdomo kwa mikono miwili alikuwa Sultani mwenyewe. Nami msimulizi naishia papa hapa, nisije nikazibwa wangu.