Waadhini Wawili wa Mlango wa Bandari

Hii nimeletewa na rafiki, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho.

Katika mji mdogo wa bandari, pwani ya Dhofari huko Omani, palikuwa na misikiti miwili. Mmoja ulijengwa upande wa mashariki wa mlango wa bandari, wa pili upande wa magharibi, na chini ya kila mmoja palikuwa na miamba mikali. Zama hizo hapakuwa na vipaza sauti. Muadhini alipanda mnarani na koo lake tu.

Muadhini wa mashariki aliitwa Bakhiti. Alianza kuadhini tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hakuna aliyemlaumu. Wa magharibi aliitwa Msellem, aliyeurithi mnara juzi tu baada ya mzee aliyemtangulia kufariki, na Mungu alimjaalia sauti tamu. Akianza, wauza samaki hunyamaza. Hata mke wa Bakhiti huacha mkate motoni akasikiliza.

"Mkate unaungua," Bakhiti alimwambia siku moja.

"Ngoja amalize," mkewe alijibu.

Neno hilo lilimkaa Bakhiti kama mwiba wa samaki kooni. Tangu hapo chakula hakishuki, usingizi hauji. Akiadhini, nusu ya moyo wake iko kwa Mungu, nusu iko ng'ambo kusikiliza kama mwenzake ameshaanza. Wivu haulipwi mshahara, lakini haukosi kazini hata siku moja.

Mwishowe akaenda kwa liwali.

"Bwana Liwali, mji wenyewe ndio huu, adhana mbili za nini? Watu wanachanganyikiwa. Tena wengine wanafuata utamu wa sauti, hawafuati sala."

Liwali alikuwa mtu wa kupenda maneno yaishe. "Basi aadhini mmoja," akasema, "na awe wewe uliyetangulia."

Msellem alipoambiwa hakubishana. Alifunga mlango wa mnara, akarudi nyumbani kwake kusuka majamvi. Bakhiti akafurahi, ingawa furaha yenyewe ilimwasha.

Ukaja ukungu, ule mzito wa kule, mtu hauoni mkono wake mwenyewe. Wakati huo Thuwaiba, binti pekee wa Bakhiti, alikuwa chomboni akitoka bandari ya Suri. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke.

Alasiri moja Bakhiti alipanda mnarani, bandari yote imefunikwa. Aliadhini kwa nguvu zake zote, maana huenda mwanawe yuko karibu anamsikia. Alipomaliza, akasikia sauti ya mwanamume baharini, chini kabisa, karibu na miamba.

"Ewe muadhini! Mwenzio yuko wapi?"

Bakhiti akaona amechokozwa. Hata huko baharini wanamtaka Msellem!

"Ni mimi peke yangu!" akajibu kwa ukali. "Muadhini ni mimi!"

"Wewe peke yako unatuvuta mwambani! Nanga haishiki! Tupe wa pili, tunakufa!"

Nyuma ya sauti hiyo akasikia mwanamke analia, na kilio kile alikijua.

Bakhiti alishuka ngazi bila viatu. Alizunguka bandari yote mbio, kilemba kikaanguka njiani, akamkuta Msellem amekaa na jamvi lake.

"Ndugu yangu, panda uadhini. Mwanangu yuko baharini. Nilikudhulumu, utanihukumu baadaye."

Msellem alitupa chini ukili wa jamvi, akakimbilia mnarani. Bakhiti akarudi mnarani kwake mbio, kifua kinamuuma, nao wakaadhini pamoja, huyu huku na huyu kule. Chombo kikatokeza katika ukungu, katikati ya mlango, kizima na watu wake.

Nahodha aliposhuka gatini alimwendea Bakhiti moja kwa moja.

"Kwani hamkujua? Siku za ukungu tunaingia kwa adhana. Mmoja tunamweka kulia, wa pili kushoto. Sauti zikilingana masikioni, tuko katikati. Ikizidi moja, tunakwenda mwambani."

Thuwaiba alikuwa amemshika baba yake mkono, vidole vyake baridi tupu. Lakini wivu hauondoki kwa siku moja, na Bakhiti akajikuta anauliza kwa sauti ndogo, "Na mkiwa huko nje, ya nani huwa nzuri zaidi?"

Nahodha akamkazia macho. "Maalim, mtu anayekaribia kufa atajuaje nzuri ni ipi?"

Wakati wa sala ya Magharibi ulipoingia, Bakhiti alipanda mnarani kwake akasimama akisikiliza ng'ambo. Hakufungua kinywa mpaka alipomsikia Msellem ameanza.

Funzo: Usizime sauti ya mwenzako ili yako isikike, huenda wapo wanaofika salama kwa kuzisikia zote mbili, na mmoja wao ni wako.